Ripoti imeandika "profligacy": ni ubadhirifu, ufujaji, anasa au ufuska?

Swali, kutoka Ilemela, Mwanza: Ninafanya kazi ya katibu muhtasi katika kampuni inayochakata samaki. Mkaguzi wa nje ameandika kwa Kiingereza kwamba uongozi uliopita ulikuwa na "profligacy" katika safari, magari na takrima. Nimeagizwa kuandaa tafsiri mbili za ripoti yake: ya Kiswahili itakayosomwa mbele ya wafanyakazi, na ya Kihispania itakayokwenda kwa mnunuzi wetu wa minofu huko Hispania. Kamusi moja inasema neno hilo ni ubadhirifu, nyingine inasema ni anasa, na ya tatu inasema ni ufuska. Upande wa Kihispania nimekuta despilfarro, derroche, prodigalidad na libertinaje. Naomba kueleweshwa lipi linafaa, na kwa nini kamusi zinapishana kiasi hiki.

Jibu

Ndugu msomaji, kwa ripoti uliyo nayo andika "ufujaji wa fedha za kampuni" kwa Kiswahili, na "despilfarro" kwa Kihispania. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua kikao hakingoji, lakini nakuomba usome na maelezo yanayofuata, maana neno hili lina historia ndefu na limebeba lawama mbili kwa pamoja, moja ya matumizi na nyingine ya tabia, na kila kamusi uliyofungua imeshika upande mmoja na kuuacha mwingine. Mfasiri asiyejua ni lawama ipi inayotolewa katika sentensi iliyo mbele yake anaweza kumtia mtu hatiani kwa kosa ambalo mkaguzi hakulitaja.

Hatari hiyo iko zaidi katika neno "ubadhirifu", kwa hiyo nalianza hilo. Kwa asili yake lingekuwa mwenza mzuri kabisa wa neno la Kiingereza. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaohusu mbegu na kuzitawanya shambani, na picha yake ya kwanza ni ya mtu anayerusha mali yake kama anayesia mbegu, ila yeye hana mavuno anayoyatarajia. Katika Kurani, Sura ya 17, aya ya 26 na ya 27, Waislamu wanakatazwa kufanya ubadhirifu, na wabadhirifu wanaitwa ndugu wa mashetani. Anayeonywa pale ni mtu mwenye mali yake halali, ambaye aya hiyohiyo imekwisha kumtaka ampe jamaa, maskini na msafiri haki yao, kisha ikamkataza kuitapanya ovyo. Hakuna wizi unaotajwa.

Lakini fungua gazeti lolote la Tanzania leo. "Ubadhirifu wa fedha za umma" ni maneno yanayokwenda sambamba na TAKUKURU, yaani taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na hati ya mashtaka, na mtumishi aliyesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Katika matumizi ya sasa neno hilo limehama kutoka kwa mwenye mali anayeitapanya mali yake hadi kwa mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine akaigeuza kuwa yake. Ukisimama mbele ya wafanyakazi wa kiwanda ukasoma kwamba uongozi uliopita ulifanya ubadhirifu, watakachosikia ni kwamba wakubwa wale waliiba, na kabla jua halijazama habari hiyo itakuwa imefika Kirumba na Igombe. Mkaguzi wako hakusema hivyo.

Tofauti hii ni ya msingi, na inaonekana vizuri katika jalada la stakabadhi. Chukua mfano wa ofisi yenye ukumbi wake wa mikutano, ambayo kila robo mwaka inapeleka wakuu wa idara kumi kwenye hoteli ya kando ya ziwa kwa siku mbili, kulala na kula, ili wajadili taarifa ambayo ingejadiliwa asubuhi moja ofisini. Mwaliko upo. Ankara ya hoteli ipo, imegongwa muhuri. Hati ya malipo imesainiwa na watu watatu wanaostahili kusaini, na kifungu cha bajeti kimetajwa kwa namba yake. Hakuna shilingi iliyokwenda mfukoni mwa mtu, na hata hivyo mkaguzi makini ataandika kwa Kiingereza neno uliloniuliza, kwa kuwa fedha imetumika kwa mkono usiojizuia, bila kupima kilichopatikana dhidi ya kilichotoka. Ofisi za ukaguzi za hapa kwetu hulieleza jambo hilo kwa maneno ya upole, "matumizi yasiyo na tija". Ni maneno mazuri na sahihi, ila yamepungukiwa ukali; yanazungumzia matokeo ya matumizi na kuiacha tabia ya mtumiaji. "Ufujaji" unarudisha ukali huo bila kumshtaki mtu kwa wizi: mfujaji ni mharibifu wa mali, na Mswahili anajua kwamba mtu anaweza kufuja hata mali aliyoipata kwa jasho lake.

Wahispania wametenganisha mambo haya kwa maneno ambayo hayachanganyiki. Mtumishi wa umma aliyejitwalia fedha za serikali ametenda "malversación". Meneja wa kampuni binafsi aliyefanya hivyo kwa fedha za kampuni ameangukia "apropiación indebida". Yote mawili ni makosa ya jinai, na mnunuzi wako akiyaona katika barua atampigia simu mwanasheria wake kabla ya kukujibu. "Despilfarro" ni lawama ya utawala mbaya na matumizi ya ovyo, na inabaki hapo.

Sasa nije kwenye ufuska, ambao naamini ndio uliokushangaza zaidi, kwani samaki na magari vina uhusiano gani na zinaa? Jibu limo katika asili ya neno la Kiingereza. Limetokana na kitenzi cha Kilatini "profligare", yaani kupiga mpaka kuangusha chini, kuvunja kabisa, kama jeshi linavyolivunja jeshi jingine. Na shina lake, "fligere", ni kupiga, shina lilelile lililowapa Waingereza maneno yao ya kutesa, kugongana na kuumiza, yaani "afflict", "conflict" na "inflict". Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 16, kivumishi "profligate" kilimhusu mtu aliyeshindwa na kuangushwa. Katika karne ya 17 kikawa cha mtu aliyeangushwa na maovu yake mwenyewe, aliyejitupa katika ulevi na uasherati hata haoni haya tena. Maana ya kutapanya fedha ilikuja baadaye, katika karne ya 18, kwa sababu iliyo wazi: mtu wa namna hiyo hakawii kumaliza urithi. Tangu hapo maana ya fedha imekua na ya zinaa imefifia, kiasi kwamba Mwingereza wa leo akisoma neno hili katika habari za uchumi hafikirii kabisa chumba cha kulala, lakini kamusi inayohifadhi lugha ya vitabu vya zamani haina budi kuandika "ufuska", nayo iko sahihi kwa vitabu hivyo. Hapo ndipo "libertinaje" ya Kihispania ilipo. Ni uhuru uliovunja mipaka, hasa ya mwili, na haina nafasi katika ripoti ya hesabu.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo kwa neno "fisadi". Wazee waliozaliwa kabla ya Uhuru walimjua fisadi kuwa mharibifu, na hasa mwanamume anayeharibu wake na mabinti za watu. Leo ukilitamka neno hilo ndani ya daladala ya Buhongwa, kila abiria anamwona mtu mwenye tai na akaunti ya benki. Lawama imehama kutoka mwilini hadi kwenye fedha, na ule uchungu wa kwanza umebaki ndani yake. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa Waingereza, na ndiyo maana neno lao hadi leo lina makali ambayo neno la kawaida la matumizi makubwa halina.

Kwamba matumizi na tabia vifungwe katika neno moja ni fikra ya kale sana, na huku kwetu tunaijua kupitia Biblia kuliko kupitia kamusi. Aristoteles, katika kitabu cha nne cha maadili yake kwa Nikomako, anamweka mtapanyaji upande mmoja na bahili upande wa pili, na katikati yao anamweka mkarimu. Kisha anaeleza kwamba Wagiriki walimwita mtapanyaji "asotos", yaani asiyeokoleka, na kwamba wengi waliitwa hivyo kwa sababu walimwaga fedha katika raha za mwili, ingawa yeye mwenyewe alitaka neno hilo libaki kwa anayejiangamiza kwa kuangamiza mali yake. Neno hilohilo la Kigiriki, kwa umbo la kielezi, ndilo lililotumika katika Injili ya Luka, sura ya 15, mstari wa 13, kumweleza kijana aliyechukua urithi wake akaenda nchi ya mbali. Biblia ya Union inasema "akatapanya mali zake huko kwa maisha ya uasherati". Wafasiri wale waliona neno la Kigiriki lina mambo mawili, wakayatoa yote mawili: kutapanya kwa mali, uasherati kwa tabia. Biblia ya Kihispania ya Reina-Valera ya mwaka 1960 ilipita njia nyingine, "desperdició sus bienes viviendo perdidamente", aliharibu mali yake akiishi maisha ya mtu aliyepotea. Huo upotevu wa Kihispania unakaribiana na jina tunalompa kijana huyo sisi, Mwana Mpotevu, wakati Waingereza na Wahispania wote wawili wanamwita kwa neno la Kilatini la mtapanyaji, "prodigal" na "pródigo".

Nalitaja jina hilo kwa makusudi, kwa sababu limewapotosha wengi. Kwa kuwa tumezoea kuona "prodigal" upande mmoja wa kurasa na "mpotevu" upande wa pili, wapo wanaoamini kwamba neno la Kiingereza lina maana ya kupotea njia, au hata ya kurudi nyumbani. Halina. Limetoka kwa Kilatini "prodigere", kuswaga mbele, kufukuza, na kwa hiyo kutapanya, na ndani yake kimo kitenzi cha kuongoza na kuswaga mifugo. Msukuma aliyekulia Magu au Kwimba anaielewa picha hiyo bila kuelezwa: mrithi anafungua zizi la baba yake na kuwatoa ng'ombe mmoja baada ya mwingine mpaka zizi linabaki na samadi tupu.

"Prodigalidad" ya Kihispania imetoka huko, na ingefaa ukaiogopa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Kirumi iliruhusu mtapanyaji azuiwe kusimamia mali yake na awekewe msimamizi, na utaratibu huo uliingia katika Sheria ya Madai ya Hispania ya mwaka 1889. Baada ya marekebisho ya mwaka 1983, mke au mume, wazao au wazazi waliokuwa na haki ya kutunzwa na mtu huyo waliweza kwenda mahakamani kuomba atangazwe kuwa "pródigo", ili asiweze kufanya mikataba fulani peke yake. Sheria namba 8 ya mwaka 2021 iliondoa utaratibu huo, lakini Mhispania mwenye umri wa makamo bado anaisikia mahakama ndani ya neno lenyewe. Sababu ya pili ni kinyume cha ya kwanza: nje ya sheria, neno hilo lina heshima. "Pródigo" anaweza kuwa mtu anayetoa bila kujibakiza, na ardhi yenye rutuba au mtu mwenye vipaji vingi husifiwa kwa neno hilo. Neno linaloweza kuwa tusi la mahakamani na sifa ya mshairi usiliweke katika barua ya biashara.

Kiingereza nacho kina upande huo wa sifa, japo ni mdogo. Mwandishi wa mambo ya asili anaweza kusema juu ya "profligacy" ya maumbile akimaanisha wingi usiohesabika, kama mayai ya samaki ambayo jike mmoja wa sangara huyataga kwa mamilioni ilhali wachache tu watafikia ukubwa wa kuvuliwa. Hapo Kiswahili kinataka "wingi wa kupindukia" au "ukarimu wa maumbile", na Kihispania kinakubali "derroche".

"Derroche" na "despilfarro" ndiyo maneno mawili ambayo wanafunzi wa Kihispania huyachanganya sana, na kamusi ndogo huyaweka pamoja kama kwamba ni mapacha. Yote ni matumizi ya kupita kiasi. Hata hivyo "despilfarro" ina uzembe ndani yake; katika maana yake mojawapo ya zamani ilikuwa ni kuharibu nguo na vitu kwa kutovitunza, na mpaka leo anayelitamka anakuwa amekunja uso. Mfano ambao Wahispania wengi wanaujua ni uwanja wa ndege wa Castellón, uliozinduliwa mwezi Machi 2011 ukiwa hauna ndege, na ambao haukupokea safari ya kibiashara hadi Septemba 2015. Waliposimulia habari hiyo, "despilfarro" ndilo neno walilolishika. "Derroche" ni kumwaga, na kinachomwagwa kinaweza kuwa fedha, lakini pia kinaweza kuwa furaha, nguvu au ustadi: mwimbaji aliyetoa yote jukwaani ametoa "un derroche de energía", na hiyo ni sifa tupu. Katika Kiswahili cha Bara tunacho kitu kinachokaribia hapo tunaposema kwamba sherehe fulani ilikuwa kufuru, magari kufuru, chakula kufuru, huku msemaji akiwa ameduwaa kwa kustaajabu na kulaumu kwa wakati mmoja. Wahispania wakifanya sherehe ya namna hiyo husema wameitupa nyumba dirishani, "echar la casa por la ventana", na hawaoni haya kulisema.

Kwa mtu mwenyewe wana "manirroto", aliyevunjika mikono, ambaye fedha haikai kiganjani. Usilifasiri kuwa mwenye mkono wazi. Mkono wazi kwetu ni ukarimu, na mgeni aliyekaribishwa ugali na sato nyumbani kwa mtu wa namna hiyo atamwombea baraka. Manirroto hamnufaishi mtu. Kwa Kiswahili mwite mfujaji, au mponda mali, kwa kukumbuka wale wanaojitetea kwa msemo wa "ponda mali, kufa kwaja".

Anasa, ambayo kamusi yako ya pili ilikupa, ni raha na starehe zenyewe. Mtu anaweza kuishi kwa anasa na akabaki na akiba. Sioni sababu ya kukaa zaidi hapo. Lakini kuna mtego mwingine ambao hukuutaja na huenda ukakutana nao kesho: mkaguzi akiandika "extravagance", ambalo ni jirani wa neno letu lenye ukali kidogo zaidi upande wa gharama na kidogo chini upande wa tabia, usikimbilie "extravagancia" kwa kuwa yanafanana. Kwa Kihispania "extravagancia" ni mambo ya ajabuajabu, kwenda kinyume na desturi. Mkurugenzi "extravagante" ni yule anayekuja kazini na mavazi ya kushangaza, hata kama ameyanunua mtumbani kwa shilingi elfu tano.

Kwa kuwa unafanya kazi katika samaki, kuna mpaka mwingine ambao ningependa uulinde kwa nguvu zote, nao ni ule wa kati ya ufujaji na upotevu. Nenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku. Dagaa waliovuliwa kwa taa usiku wa giza walikuwa wameanikwa juu ya mchanga. Mvua imewanyeshea, wamegeuka rangi, wamepondeka wakawa kama uji, na mama aliyewanunua kwa ndoo anawakusanya kwa ufagio akijua kwamba wataishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ambayo hairudishi hata mtaji. Amepata hasara kubwa, na hajafuja chochote. Alichokosa ni chanja, turubai na jua. Nimewahi kusoma maandiko ya kitaalamu yaliyotafsiriwa ambayo yaliuita upotevu wa namna hiyo "ubadhirifu wa wavuvi", na tafsiri hiyo iliniumiza, kwa sababu iliwatwika watu maskini kosa la tabia kwa jambo lililotokana na ukosefu wa vifaa. "Profligacy" inahitaji mtu aliyekuwa na uwezo wa kujizuia na hakujizuia. Wahispania wameuweka mpaka huo ndani ya jina la sheria: sheria yao namba 1 ya mwaka 2025 inahusu kuzuia "pérdidas", yaani upotevu wa chakula, na "desperdicio", yaani chakula kinachotupwa, maneno mawili kwa mambo mawili. Barua yako ikigusa samaki walioharibika kwa kukatika kwa umeme kwenye chumba cha baridi, andika "pérdidas". Na kama unataka kumwonyesha mnunuzi kwamba kiwanda chenu hakina "desperdicio", mweleze yale ambayo kila mtu wa Mwanza anayajua: minofu inasafirishwa, bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, linauzwa kwa bei inayozidi ya nyama yenyewe, na panki lenye kichwa na mifupa linakwenda kukaangwa au kusagwa.

Utakutana na neno hili pia katika mpira, maana watangazaji wa Kiingereza wanalipenda. Timu iliyopata nafasi sita za wazi ikafunga moja inalaumiwa kwa "profligacy" mbele ya lango. Kwetu hiyo ni timu iliyopoteza nafasi au yenye safu butu ya ushambuliaji; Wahispania watasema "desperdició ocasiones", au watasema imesamehe, "perdonó", kana kwamba mshambuliaji alimhurumia kipa.

Limebaki jambo la anayelitamka neno. Hili ni neno la hakimu: mtu hujiita mkarimu, hujiita mpenda maisha, hata mtumiaji mzuri, lakini hajiiti kwa neno hili, hupewa na mwingine. Wahispania wana kumbukumbu ya karibu ya jambo hilo. Katika msukosuko wa madeni ya nchi za sarafu ya euro, kuanzia mwaka 2010, maandiko mengi ya Kiingereza yaliwashutumu watu wa kusini mwa Ulaya kwa neno hilihili, kana kwamba wote walikuwa wamekula kuliko kipato chao. Kwa upande wa serikali ya Hispania lawama hiyo haikukaa sawa, kwa kuwa mwaka 2007, kabla ya msukosuko, bajeti yake ilikuwa na ziada na deni lake la umma lilikuwa karibu asilimia 36 ya pato la taifa, chini ya lile la Ujerumani. Kilichoiangusha zaidi ni kuporomoka kwa biashara ya majengo pamoja na benki zilizoikopesha. Nakueleza haya ili ujue kwamba msomaji wako wa Hispania huenda analisikia neno hili kwa sikio lenye jeraha, na kwamba ni vema barua ioneshe wazi kwamba lawama ni ya mkaguzi, kwa uongozi uliotajwa, katika matumizi yaliyotajwa.

Kwa hiyo sentensi ya Kihispania ningeiandika hivi: "El auditor censura el despilfarro de la dirección anterior en viajes, vehículos y gastos de representación." Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo wahasibu wa Hispania wanayotumia kwa takrima ya kibiashara; ukitafsiri takrima kwa neno la ukarimu hawatajua ni kifungu gani cha hesabu. Ya Kiswahili iwe: "Mkaguzi ameukosoa uongozi uliopita kwa ufujaji wa fedha za kampuni katika safari, magari na takrima." Usiongeze kwamba hakuna wizi uliogundulika, hata kama unaamini hivyo, isipokuwa mkaguzi ameliandika hilo, na mfanyakazi akiuliza kikaoni kama fedha ziliibwa, mwenyekiti amsomee ukurasa wa ripoti unaohusu jambo hilo kama ulivyo. Na kwa kuwa ripoti inataja takrima, ambayo wakati mwingine huhusisha pombe na mengineyo, mwandikie mkaguzi kwa barua pepe kabla nakala hazijatoka ofisini, umuulize kama alilenga matumizi peke yake au na mwenendo wa watu. Akijibu kwamba alilenga yote mawili, sentensi ya Kiswahili iongezewe "na kukosa kiasi" baada ya "ufujaji wa fedha za kampuni", na ya Kihispania iongezewe "y los excesos" baada ya "despilfarro", na maneno mengine yabaki kama yalivyo.